JE, WAJUA? Utamu wawaponza uyoga na popo

Mkazi wa Kibera au Kawangware akinunua kipakiti cha uyoga wa oyster uliooteshwa kwenye mifuko ya mabua, huenda hajui kuwa uyoga huo una ndugu aliye taabani. Ndugu huyo, Pleurotus nebrodensis, huota porini kwenye milima ya Madonie, Sicily, na Orodha Nyekundu ya IUCN, inayotaja viumbe vilivyo hatarini, imemweka daraja la hatari kubwa mno ya kutoweka. Ilikadiriwa kuwa uyoga usiofika 250 ndio hukomaa kila mwaka. Uyoga mmoja unaweza kumwaga mamilioni ya spora, lakini zifae nini ikiwa wachumaji huung'oa ungali mchanga?

Mwenzake kwa mkosi ni popo wa Pemba, mla matunda mwenye manyoya mekundu-kahawia na mabawa yanayofikia mita 1.6 yakikunjuliwa. Naye alipendwa kwa kitoweo. Misitu ilikatwa, bunduki zikalia, wakabaki wachache tu. Popo huyu, kwa kawaida, huzaa mtoto mmoja kwa mwaka.

Hata hivyo, ndiye aliyeinuka. Wanavijiji wa Pemba walianzisha vikundi vya ulinzi. Huko Kidike, wageni hulipa kiingilio kuwatazama popo wakining'inia mchana. Sasa idadi yao imepita 20,000, ingawa bado wako kwenye Orodha Nyekundu. Uyoga haujapata bahati hiyo: nani alipe kiingilio kuutazama?