Mkimbizi halipi kitu: maneno ya kusimamia ndugu mpaka Kanada

Mwaka wa 2023, kamarade mmoja wa ekipi ya usiku alifika kwangu Likasi asubuhi, mbele hajaenda kulala. Alikuwa na simu mkononi. Dada yake mdogo, mwenye alikimbia vita upande wa Tanganyika na kuvuka mpaka Zambia, alikuwa amemwandikia: «Yaya, kuko baba moja huku, anasema dosye yetu ya Kanada inaisha kuitika. Inabakia tu dola mia tisa ya kuifungula. Kama hatulipe wiki hii, batapatia bengine nafasi.»

Dada yule anakaa Mantapala, kambi iliyofunguliwa mwaka 2018 upande wa Nchelenge, si mbali na ziwa Mweru, kwa ajili ya watu wetu waliotoka Haut-Katanga na Tanganyika. Ana watoto wanne, na mmoja kati yao ni wa marehemu dada yake. Mshahara wa kaka ulikuwa umekwisha kwa masomo ya watoto. Basi tulifungua sanduku la msaada la wafanya kazi, lile tunalochangia kila mwisho wa mwezi kwa matanga na magonjwa. Mimi delege njo mwenye nilitia sahihi. Franga zilienda kwa simu. Kisha wiki mbili, namba ya yule baba ilizimika, na mpaka leo haijawaka.

Kwenye mkutano, mzee mmoja wa fondri alisimama: «Delege, wee njo ulisaini. Uliuliza nani?» Sikuwa na jibu. Naandika leo juu nimekwisha kuuliza, tena sana, kwa wenzetu walioko kule na kwa mapadri wenye kujua kazi hiyo.

Kanada wanaita jambo hili parenaji. Wakristo wanajua msimamizi wa ubatizo, basi na sisi tuseme kusimamia. Sheria yake ilianza kazi mwaka 1978. Mwaka uliofuata Wamenonite, walewale tunaowajua hapa Kongo, walikuwa wa kwanza kupatana na serikali ya Kanada kwamba kanisa linaweza kuleta mkimbizi na kumtunza. Ilikuwa wakati wa watu wa Vietnam, Laos na Kambodja, wenye kukimbia kwa mitumbwi. Mwaka 1979 na 1980 Kanada ilipokea karibu 60,000, na zaidi ya nusu walisimamiwa na watu wa kawaida: majirani, waumini wa parokia. Tangu hapo wamefika kwa njia hiyo watu zaidi ya 300,000.

Sasa angalia namna inafanyika, utaona ule mwizi alidanganya wapi. Watu watano wakaaji wa kule wanaungana, ao kanisa, ao shirika. Wanatafuta franga zao wenyewe, zaidi ya dola za Kanada 15,000 kwa mtu mmoja tu, na jamaa kubwa inapita hapo sana. Wanaahidi kwa maandishi kwamba kwa miezi 12 watalipa nyumba, chakula, nguo za baridi. Yule mkimbizi hawamwombi kitu, si mbele ya safari, si kisha kufika. Kumwambia «utaturudishia» ni kinyume cha sheria. Deni linaweza kuwako la nauli ya ndege: serikali inakopesha, na mtu analipa kidogo kidogo akiisha kufika. Tangu 2018 deni hilo halina faida juu yake.

Kwa hiyo mwenye kuomba dola mia tisa kambini hafungui dosye yoyote.

Wenzetu walioko kule wanasema franga si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kuwa pale. Nani atamfundisha mama wa Moba kuwasha jiko la umeme? Nani ataenda naye kwa munganga, kwa benki, kwa masomo ya watoto, na kupanda naye basi mara tatu mpaka ajue njia? Halafu mwezi wa 13 unafika. Wasimamizi wamemaliza ahadi yao, na mtu anabaki na lugha nusu, kazi ya kufagia usiku, na simu kutoka Kongo kila juma: «Tuma kitu.» Sisi huku tunafikiri ameisha kuwa tajiri. Tumuache kidogo apumue.

Kuna jambo lingine lenye kutuchanganya. Mkimbizi ni mwenye amekwisha kutoka inchi yake. Wazee wa Likasi wanakumbuka mwaka 1992, jamaa nzima zililala kwenye gare zikingojea treni. Mateso yalikuwa ya kweli, lakini kwa karatasi za kimataifa, mwenye amebaki ndani ya inchi si mkimbizi. Zamani Kanada ilikuwa na orodha ya inchi ambamo mtu aliweza kuchukuliwa akiwa angali nyumbani, na Kongo yetu ilikuwa ndani. Orodha ile ilifutwa mwaka 2011. Kwa hiyo anayekuuzia dosye ya ukimbizi hapa Kolwezi, ujue anakuuzia kitu kilichokufa zamani.

Tena mlango umekuwa mwembamba. Tarehe 29 Novemba 2024 Kanada ilisimamisha kupokea dosye mpya za vikundi vya watu watano; zilibaki nafasi chache za makanisa na mashirika yenye mapatano. Marekani nayo ilikuwa imefungua njia kama hiyo mwezi wa Januari 2023, na Wakongo walikuwa wengi kupita wote kati ya wakimbizi iliowapokea mwaka wa 2024. Tarehe 20 Januari 2025 rais mpya alisimamisha programu yote. Wezi wanafurahi wakati kama huu. Mlango ukifungwa, wanauza dirisha.

Katika sendika tuliamua hivi: sanduku halitatoa tena franga kwa dosye ya mtu yeyote. Zile mia tisa, mimi nazirudisha kwa vipande, mwezi kwa mwezi. Kwa yule dada tunatuma kiasi kidogo cha masomo ya watoto, na ameanza kulima mahindi kwenye shamba alilopewa.

Lakini tulimwomba kitu kimoja. Yule mtoto wa marehemu hakuwa ameandikwa naye kwenye karatasi ya HCR. Mtoto mwenye hakutajwa mwanzoni, kumleta kisha ni shida kubwa. Na kuongeza mtoto wa jirani ili kumsaidia, siku ya maulizo dosye nzima inaanguka. «Enda kwenye biro wewe mwenyewe,» kaka yake alimwambia, «usitume mutu.»

Alienda mara tatu. Juzi alituma picha ya karatasi mpya. Kamarade aliiangalia kule kwenye vestieri, kofia ya kazi ingali kichwani, akahesabu kwa kidole: majina tano.