Mwanafunzi wa Afya Akipiga Hodi Mkwiro: Kazi Yake ni Ipi, na Msimamizi Wake Yuko Wapi?

Kwa miaka mingi wakazi wa Mkwiro, katika Kisiwa cha Wasini, wametegemea maji ya mvua. Maji hutoka kwenye paa na kuingia katika birika au tangi, na hapo hukaa hadi yaishe. Ardhi yenyewe ni mwamba wa matumbawe, kwa hivyo hata kuchimba choo ni kazi nzito. Mwanafunzi wa afya ya umma ana mengi ya kujifunza mahali kama hapa. Lakini darasa lake ni nyumba yako, na ndiyo maana unastahili kujua mipaka yake.

Kabla ya kuhitimu, wanafunzi hawa hupelekwa nyanjani kwa mafunzo ya vitendo, yale ambayo wengi wetu tunayaita atachimenti. Hapa Kwale wanaweza kutoka katika chuo cha KMTC cha Msambweni au katika vyuo vikuu vya mbali. Hawajawa maafisa. Maafisa wa afya ya umma husajiliwa na baraza lao, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na mwanafunzi hajafika huko. Kwa hivyo hawezi kukupa notisi, kukutoza faini wala kufunga mkahawa wako. Akiomba pesa, mkatalie na upige ripoti.

Anachopaswa kufanya ni kupiga hodi, kuonyesha kitambulisho cha chuo, kueleza anachotafuta na kuomba ruhusa. Una haki ya kukataa, na kukataa hakukunyimi huduma katika kituo cha afya. Ukikubali, unaweza bado kuruka swali usilolitaka.

Siri ni jambo zito zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Mwanafunzi hapigi picha ya choo chako au ya mtoto wako kisha akaituma kwenye kundi la WhatsApp. Na katika kijiji ambacho karibu kila mtu ni jamaa, kuficha jina pekee hakutoshi. Ukiandika "nyumba ya tatu kutoka msikitini", umeshamtaja mwenyewe.

Sasa msimamizi. Mwanafunzi huwa na wawili: mwalimu wa chuo, na afisa wa afya ya umma wa eneo analofanyia kazi. Kati ya Shimoni na Mkwiro kuna mkondo wa bahari, na kishawishi cha kusimamia kwa simu ni kikubwa. Simu haitoshi. Afisa anatakiwa kuvuka, amtambulishe mwanafunzi kwa chifu, wazee wa kijiji na wahudumu wa afya ya jamii, na aingie naye katika nyumba za kwanza. Anayetoka bara aelezwe mapema kuhusu mavazi, saa za swala, na kwamba lahaja atakayoisikia si Kiswahili cha vitabuni. Usalama wake pia ni jukumu la msimamizi: wakati wa kusi bahari huchafuka, na hakuna fomu inayostahili kuvukiwa bila jaketi la kuokolea.

Chukua mfano. Mwanafunzi anafunua birika na kuona viluwiluwi vya mbu. Mbu wanaozaliana katika maji safi yaliyohifadhiwa wanaweza kueneza dengue na chikungunya, na chikungunya ilizuka Mombasa kati ya 2017 na 2018. Mwanafunzi anamwonyesha mwenye nyumba, anashauri birika lifunikwe vizuri kwa wavu, na anaandika. Hamwaibishi mbele ya majirani. Msimamizi husoma fomu za siku hiyo. Akiona mabirika mengi yana hali hiyo, jambo si la nyumba moja tena, na ni yeye wa kulifikisha kwa idara, si mwanafunzi.

Akikuta mtoto anayeharisha, macho yameingia ndani, mwanafunzi hajaribu kutibu. Anampigia msimamizi mara moja, na msimamizi anatakiwa awe tayari anajua ni mashua gani itavuka na gari gani litangoja Shimoni.

Jukumu linalosahaulika zaidi, kwa maoni yangu, ni kurudisha majibu. Fomu hujazwa, hupandishwa mashua, na kijiji hakisikii tena. Kabla wanafunzi hawajaondoka, msimamizi aitishe baraza waeleze walichokiona, bila kutaja nyumba ya mtu. Nanyi ulizeni.

Mwanafunzi akija kwako, andika jina la msimamizi wake na nambari yake ya simu. Ukiwa na malalamiko, anza na msimamizi huyo, kisha chifu au ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo ya Lunga Lunga. Habari zako zikisambazwa bila idhini, unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.