Akili bandia inaposhika robine za uzine

Mama anayepika lutuku anajua jambo hili bila kusoma kemia: moto ukizidi, maji yanapanda pamoja na pombe, moto ukipungua, hakuna kinachotoka. Basi anakaa karibu, anatoa ukuni, anarudisha ukuni. Mnara wa kutenganisha vimiminika ndani ya uzine ya kemia unafanya kazi ileile, ila ni mrefu kama nyumba ya ghorofa, na wafanyakazi wa zamu wanatazama vipimo, wanafungua robine, wanafunga.

Mwanzoni mwa 2022, huko Japani, kampuni za Yokogawa na JSR ziliachia akili bandia, yaani programu ya kompyuta inayojifunza, iongoze mnara wa namna hiyo siku 35 mfululizo. Mnara wenyewe ulikuwa msumbufu. Ulitumia joto lililobaki kutoka sehemu nyingine za uzine, na joto hilo halitulii. Mitambo ya kawaida ya kujiongoza ilikuwa imeshindwa, ndiyo sababu watu waligeuza robine kwa mkono. Programu iliweza. Mwaka 2023 uzine hiyo, iliyokuwa imechukua jina la ENEOS Materials, iliiweka katika kazi ya kila siku.

Ilijifunza wapi? Kwanza kwenye mfano wa mnara ndani ya kompyuta: inafungua robine kidogo, inaona matokeo, inapewa alama, inarudia tena. Huko ikikosea, hakuna mtu anayeungua.

Jambo hili linagusa pia Lualaba na Haut-Katanga, maana uzine nyingi za shaba na kobalti huko ni za kemia kweli. Mawe yanasagwa, yanayeyushwa kwa asidi ya salfa, kisha shaba inavutwa kwa umeme hadi ikae kwenye mabamba. Ukali wa asidi ni lazima upimwe kila wakati. Ikipungua, shaba inabaki ndani ya tope na kutupwa. Ikizidi, chokaa nyingi inahitajika kuituliza, na maji machafu yakivuja yanafika mtoni yakiwa makali. Kushika kipimo hicho usiku kucha bila kusinzia, hapo programu ingesaidia sana.

Lakini programu haina pua wala macho. Inaona namba tu. Sonda ya kupima asidi ikifunikwa na tope, inatoa namba ya uongo, na programu inaiamini. Mfanyakazi mzoefu angeshituka kwa harufu, au kwa rangi ya maji. Kwa hiyo mfumo wa kuzima mitambo wakati wa hatari unapaswa kubaki peke yake, nje ya akili bandia, na mtu wa zamu awe na haki ya kurudisha robine mikononi mwake bila kumuomba mkubwa ruhusa.

Wengi wanauliza habari ya ajira. Anayegeuza robine usiku ana sababu ya kuogopa. Fundi wa vipimo, yule anayepanda ngazi na kitambaa kusafisha sonda, kazi yake itaongezeka.