Kliniki ya Kumbukumbu na Ridhaa ya Mzee

Utafiti wa tiba si jambo geni Korogwe. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ilijaribiwa huko pia, na wazazi ndio walioridhia kwa niaba ya watoto. Katika utafiti wa usahaulifu uzeeni, anayeombwa ridhaa ni mzee ambaye uelewa wake ndio unaopimwa.

Barabara ya Korogwe kwenda Arusha hupita Hai, ambako kipimo cha IDEA kilibuniwa kwa kuwazingatia wazee wasiojua kusoma. Mzee huulizwa daraja ni nini, hutaja wanyama kwa dakika moja, hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, tena huombwa kuyakumbuka maneno kumi aliyosomewa. Kipimo huchuja tu. Usahaulifu huweza kuletwa na sonona, upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo au dawa fulani, na hayo hutibika. Kwa hiyo mzee anayetoka Handeni aje na dawa zake zote, hata za mitishamba (hizi ndizo hufichwa), pamoja na ndugu anayeishi naye.

Utafiti ni hiari, nao utenganishwe na kliniki. Aulizwe kwanza mzee mwenyewe, kwa Kizigua au Kisambaa ikibidi, kisha aeleze alichoelewa. Asipoweza, ndugu huombwa ridhaa. Lakini mzee akivuta mkono sindano inapokaribia, amekwisha kukataa, na matibabu yake yaendelee vilevile.