Je, wajua? Planaria akikosa kichwa ndipo anapozidi kujigawa

Taja mnyoo bapa hapa Kikuyu, au popote Dodoma, na watu watawaza tegu au kichocho, kisha watauliza dawa yake ni ipi. Hofu hiyo ina sababu, kwani kwa wingi wa wagonjwa wa kichocho Tanzania ni ya pili Afrika, baada ya Nigeria. Lakini inamponza planaria, ambaye naye ni mnyoo bapa ila hana shida na mwili wa mtu. Anaishi huru kwenye maji baridi, chini ya mawe na majani yanayooza, akila viumbe wadogo na mizoga. Jamaa yake mmoja, Dugesia aethiopica, alitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2002 kutoka Ziwa Tana, Ethiopia.

Kwamba kipande cha planaria hukua kikawa mnyama kamili, aliyesoma biolojia amelisikia. Thomas Hunt Morgan alionyesha mwaka 1898 kuwa hata sehemu 1 ya 279 ya mwili inatosha. Kinachosahaulika ni kwamba planaria hangoji kisu cha mtu. Hujichana mwenyewe.

Hufanya hivyo zaidi gizani. Mkia hujishikiza kwenye jiwe kwa ute, na mwili hubana kiuno nyuma kidogo ya koromeo, lililo katikati ya tumbo. Sehemu ya mbele huvuta. Mwili hunyooka, hulegea, hunyooka tena, mpaka kiuno kinakatika. Ni kazi ya dakika chache. Mwenye kichwa huenda zake. Mkia hubaki palepale, na baada ya wiki moja au mbili umeshaota macho na ubongo. Mwanga au mtikisiko mdogo tu humfanya aahirishe, ndiyo maana ni wachache waliowahi kumwona akijichana. Eva-Maria Collins na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ilibidi waziachie kamera kazi ya kukesha, na mwaka 2017 wakaeleza hatua kwa hatua jinsi mwili laini kiasi hicho unavyopata nguvu ya kujirarua.

Nani anaamua lini? Mwaka 1969 Jay Best na wenzake, huko Colorado, Marekani, walionyesha kuwa planaria waliosongamana hujigawa kwa nadra kuliko walio wachache. Kisha wakawakata vichwa. Wasio na kichwa wakajigawa zaidi. Kwa hiyo ubongo ule mdogo ni breki: unapokea habari za majirani na kuuzuia mwili. Mwaka 1984 Best na Morita waligundua kuwa melatonini, homoni ileile ambayo sisi huitengeneza usiku, hupunguza kujigawa huko. Na mwaka 2019 Christopher Arnold na Alejandro Sánchez Alvarado, wa Taasisi ya Stowers, walionyesha kuwa protini zinazoupanga mwili wa planaria ndizo pia zinazopanga seli za neva za kuhisi mguso, na kwamba seli hizo zina sauti katika uamuzi wa kujichana.

Mlinganishe na hidra, mnyama mwingine mdogo wa maji baridi. Mwaka 1976 Richard Campbell aliondoa seli za neva za hidra kwa kutumia kemikali iitwayo kolchisini. Hidra hao hawakuweza kukamata chakula, ikabidi walishwe kwa mkono, lakini waliposhiba waliendelea kuchipua watoto. Mimi hapo naona kwamba mwili unajua kuzaana bila neva; neva zinachagua wakati.

Inaniuma kuona tunavyoyatendea maji wanamoweza kuishi viumbe wa namna hii. Bwawa la Hombolo hapa Dodoma, lililojengwa mwaka 1957, linazidi kujaa mchanga, na tukilizungumzia tunazungumzia samaki na zabibu tu. Kwenye malambo watu husuuza bomba la kupulizia dawa na kutupa chupa zake humohumo. Sumu hiyo haibagui konokono wa kichocho na asiye na kosa.

Anayetaka kumtafuta planaria afunge kipande cha ini kwa uzi, akitumbukize jioni kando ya mawe, akivute baada ya saa moja au mbili. Asiingize miguu majini, kichocho hakina mzaha. Akimpata ataona mnyama wa sentimita moja hivi, anayeteleza bila miguu, mwenye macho mawili yaliyokaa kimakengeza.

Matumizi yake ni mengi: kupima kama dawa za mashambani zinadhuru ubongo, kuchunguza seli shina zinazomwezesha kuota upya, kutafuta udhaifu wa minyoo ya kichocho, ambayo nayo ina seli shina za aina hiyo, na kufundishia, kwani hata shule isiyo na hadubini inaweza kumfuga kwenye bakuli la maji yasiyo na klorini na kumlisha ini mara moja kwa wiki.