Kisigino au Vidole? Mguu wa Mkimbiaji wa Mpakani (Sehemu ya Pili)

Mtoto aliyechelewa shule huko Bulumbi, wilaya ya Busia upande wa Uganda, ana tabia moja ambayo mtafiti wa mbio angelipa nauli ya ndege kuja kuitazama. Anavua kandambili, anazishika mkononi, ndipo anatimua mbio. Ana sababu zake: kandambili humponyoka mguuni, na mkanda ukikatika nyumbani kuna maswali. Akishazivua, mwendo hubadilika papo hapo. Hatua zinakuwa fupi, goti linakunjwa zaidi, na unyayo unatua kwa sehemu ya mbele, pale nyuma kidogo ya vidole, kisigino kikifuata kugusa ardhi na kuondoka. Mwenzake mwenye raba nene za mtumba anatanguliza kisigino, na utamsikia kabla hujamwona.

Nauli hiyo ililipwa kweli, ingawa ndege ilikwenda upande wa Eldoret. Januari 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, waliopima wakimbiaji wa Marekani na wa Bonde la Ufa nchini Kenya, wakiwemo vijana waliokua bila viatu. Waliozoea kukimbia peku na kutua kwa mbele walipata, katika kishindo cha kwanza cha mguu kugonga ardhi, karibu theluthi moja tu ya nguvu iliyowapata waliotua kwa kisigino. Ukitanguliza kisigino, mguu husimama ghafla, na mshtuko hupanda moja kwa moja kwenye muundi na goti. Ukitua kwa mbele, kifundo hukunjika, na kano ya kisigino pamoja na misuli ya shavu la mguu hupokea mzigo kwa kunyumbuka, kisha huurudisha kama mpira wa manati.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwandishi wa Marekani Christopher McDougall alikuwa ametoa kitabu chake, Born to Run, kuhusu Watarahumara wa Mexico, watu wanaokimbia milimani siku nzima wakiwa na viatu vya wazi vilivyokatwa kwenye matairi makuukuu. Msomaji wa huku hahitaji picha kuvijua. Ni akala. Kitabu na utafiti vilipokutana, biashara ikalipuka: viatu vyenye soli nyembamba kama ganda, vingine vikiwa na kijumba cha kila kidole, vikauzwa ghali kwa watu ambao babu zao walifanya kila juhudi kuacha kutembea peku.

Ukiitazama akala kwa jicho la fundi, sifa nyingi zilizokuwa zikitangazwa inazo: soli bapa isiyoinua kisigino, na nafasi ya vidole kutanuka. Inachokosa ni wepesi na kunyumbuka, maana tairi ni tairi.

Lakini hadithi ya peku na kutua kwa mbele haikuchelewa kuingia doa. Mwaka 2013 Kevin Hatala na wenzake walichapisha vipimo vya Wadaasanach, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya karibu na Ziwa Turkana, ambao nao wamekua bila viatu. Kati ya watu wazima 38, wengi walitua kwa kisigino walipokimbia kwa mwendo wao wa kawaida, kama asilimia 72 hivi. Walipoongeza kasi, ndipo wengi wao walipoanza kuhamia mbele. Kenya hiyohiyo, miguu mitupu hiyohiyo, majibu mawili. Kasi ina neno lake, ardhi ina lake, na mazoea ya mbio ndefu, waliyo nayo vijana wa Bonde la Ufa, yana lake pia. Kwa hiyo anayekuambia kwamba “Mwafrika hutua hivi” anakuuzia kitu.

Mwaka huohuo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Marekani walichukua wakimbiaji wazoefu 36, wakawapa zaidi kidogo ya nusu yao viatu vya vidole wavizoee kwa wiki 10, kisha wakapiga picha za ndani za miguu yao. Kati ya 19 waliovaa viatu hivyo, 10 walionekana na uvimbe zaidi ndani ya mifupa ya mguu, hali ambayo ikiendelea huzaa ufa. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram, watengenezaji wa viatu hivyo, ilikubali kutenga dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliosema waliahidiwa faida za kiafya zisizo na ushahidi. Haikukiri kosa.

Kwa maoni yangu, watu wengi hukosea hesabu hapa. Mwili unaokimbia hugonga ardhi kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake, na nguvu hiyo haiondoki kwa kubadili mtindo. Inahama tu. Anayetua kwa kisigino huitwika zaidi goti. Anayetua kwa mbele huibeba kwenye kano ya kisigino, shavu la mguu na ile mifupa myembamba inayoelekea vidoleni. Mtoto wa Bulumbi aliitayarisha mifupa hiyo tangu alipoanza kutembea. Hata sugu ya unyayo wake si ganda lililokufa. Utafiti mwingine wa Nature, wa mwaka 2019, uliolinganisha watu wa magharibi mwa Kenya na wakazi wa Boston, ulikuta kwamba sugu nene haipunguzi uwezo wa mguu kuhisi ardhi. Karani wa forodha wa miaka 40, aliyekaa kitini mwongo mzima na leo kaamua kukimbia peku hadi Tororo, hana akiba hiyo.

Anayetaka kujaribu aanze na dakika chache mwishoni mwa mazoezi yake ya kawaida, kwenye uwanja wa nyasi, na aongeze kidogokidogo kwa miezi. Kabla hata ya kugusa viatu, ajaribu jambo la bure: afupishe hatua na kuziongeza idadi. Utafiti wa Bryan Heiderscheit na wenzake wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kuongeza hatua kwa dakika kwa asilimia 5 hadi 10, kasi ikibaki ileile, hupunguza mzigo kwenye goti na nyonga. Mguu ukitua karibu na chini ya kiwiliwili, suala la kisigino au vidole hupungua makali.

Sasa mitumba, maana wakimbiaji wengi wa miji ya mpakani ya Busia na Malaba huvaa vya mtumba. Kiatu hicho kimeshafundishwa mwendo na mtu mwingine. Kiweke mezani, kitazame kwa nyuma. Kikiinamia upande mmoja, au soli ikiwa imelika ukingo wa nje wa kisigino, mguu wako utafuata mteremko huo kila hatua. Bonyeza sponji ya katikati kwa kidole gumba; iliyochoka huwa ngumu na ina mikunjo midogo ubavuni. Muuzaji atakuonyesha jina la kampuni na usafi wa kitambaa. Wewe geuza soli.

Wala nisieleweke kwamba nahubiri peku. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, na picha yake haichuji. Lakini Tokyo mwaka 1964 alishinda tena akiwa amevaa, na kwa muda bora zaidi. Stephen Kiprotich na Joshua Cheptegei, watoto wa Kapchorwa, walichukua dhahabu zao za Olimpiki wakiwa na viatu miguuni. Huku kwetu ardhi ina funza, safura na misumari yenye pepopunda, na kwenye udongo mwekundu wa volkano wa Mlima Elgon kuna podokoniosi, ugonjwa wa miguu kuvimba unaowapata wanaokanyaga udongo huo peku kwa miaka mingi. Kwa mtu wa huko, kiatu ni dawa.

Kuhusu maumivu, tofautisha mawili. Misuli ya shavu la mguu ikiuma pande zote siku ya pili, halafu ikatulia, hiyo ni kazi mpya. Lakini sehemu moja ya mfupa unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, inayouma ukiibonyeza na inayouma hata usiku ukiwa umelala, usiikimbilie tena wala usiifunge bandeji ukaendelea. Simamisha mbio, nenda hospitali upimwe. Picha ya eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haionyeshi ufa wa mfupa wa aina hiyo, kwa hiyo ikirudi safi na maumivu yakabaki, rudi tena.

Sehemu ya tatu itahusu kano ya kisigino.