Kabla hujaweka kengele ya saa kumi kutafuta ndoto ya kuongoza, lijue jinamizi

Umeiona ile video. Kijana ameketi kwenye kitanda kisafi, anakuambia kwamba ukitambua unaota ukiwa bado ndotoni, utaiendesha ndoto unavyotaka. Utapaa juu ya Naivasha Road bila nauli. Utaongea na nyanya yako aliyefariki. Masharti ni madogo tu: weka kengele ya simu ilie baada ya kulala kwa muda wa saa tano, amka, kaa macho nusu saa, kisha lala chali bila kusonga hata kidole. Usijikune. Subiri.

Sasa uko kwenye keja yako pale Riruta Satellite. Ulilala saa tano usiku, kengele imelia saa kumi alfajiri, umefuata kila kitu. Usingizi unakunyemelea. Halafu unasikia mlango ukisukumwa, na mlango una kufuli mbili. Kuna mtu ndani. Unamwona kando ya pazia, mrefu, mweusi, hana sura. Unataka kumwita jirani, na ukuta wenyewe ni mabati, angekusikia hata ukinong'ona, lakini mdomo haufunguki. Mkono hauinuki. Kisha huyo mtu anakukalia kifuani.

Hakuna aliyeingia. Na wewe huna wazimu.

Kiswahili kina jina la kitu hiki tangu zamani: jinamizi. Siku hizi tunalitumia kwa shida yoyote, jinamizi la kodi, jinamizi la Gor Mahia, lakini maana yake ya zamani ni hiyo ya kitandani, kitu kinachomlemea mtu usingizini hadi ashindwe kusonga wala kupiga kelele.

Kinachotokea ni hiki. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na ndani ya mzunguko kuna hatua iitwayo REM, ambapo macho hucheza kasi chini ya kope na ndoto huwa kali. Hapo ubongo huzima misuli ya mikono, miguu na shingo. Ni breki ya usalama. Bila hiyo ungeota unakimbizwa na kanjo ukaamka umempiga teke mwenzako. Macho hayazimwi, na kiwambo kinachovuta pumzi hakizimwi. Sasa mara nyingine akili huamka kabla breki haijaachiliwa. Unaona chumba chako halisi, ndoo yako, viatu vyako, lakini ndoto bado inamwagika ndani yake. Sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari imewaka, kwa hivyo inatafuta adui, na asipokuwepo inamchora. Kifua nacho unakihisi kizito kwa sababu misuli ya mbavu imelegea na huwezi kuvuta pumzi ndefu kwa hiari. Hewa inaingia, ila si kwa amri yako.

REM huwa ndefu zaidi kuelekea asubuhi. Ukijiamsha saa kumi na kurudi kitandani ukiwa umekodoa akili, unaingia moja kwa moja katika hatua hiyo ukiwa nusu macho. Kulala chali pia kunahusishwa na jinamizi. Yaani mbinu ile imekusanya karibu kila kitu kinacholiita.

Ndoto ya kujitambua yenyewe si uongo, hilo tuwe wa haki. Mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alikubaliana na mwotaji mmoja, Alan Worsley, kwamba akitambua anaota azungushe macho kushoto na kulia kwa mpangilio. Mwili ulikuwa umelala, mashine zikaonyesha hivyo, na macho yakatuma ishara. Stephen LaBerge akafanya jaribio kama hilo Stanford baadaye. Kwa hivyo anayekuambia ni uchawi, mwache. Lakini anayekuambia jinamizi ni steji ambayo lazima upitie ili ufike, mwache pia. Watu wengi huzipata ndoto hizi wakiwa katikati ya ndoto ya kawaida, bila kubanwa na chochote.

Sasa tuongee ya mtaa. Nani Kawangware analala saa nane? Unaandika kazi za mtandaoni hadi saa tisa usiku kwa sababu mteja yuko Marekani. Wewe mwingine ni soja wa geti, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Kuna kesha, kuna spika za baa, kuna miraa ya kukuweka macho na stresi ya kodi. Kukosa usingizi na kulala kwa saa zisizotabirika ndivyo vitu vinavyochochea jinamizi zaidi. Brian Sharpless na Jacques Barber walipokusanya tafiti 35 mwaka 2011, walipata kwamba karibu asilimia 8 ya watu kwa jumla wamewahi kubanwa angalau mara moja maishani. Kwa wanafunzi ilikuwa asilimia 28. Wewe tayari una deni la usingizi, halafu unaambiwa ukate usingizi katikati makusudi. Kwa maoni yangu, hiyo ni kukopa Fuliza ukalipie Fuliza.

Tena unachokiona kinavaa nguo za mahali ulikolelewa. Baland Jalal, mtafiti ambaye mwenyewe amewahi kubanwa, aliwalinganisha watu wa Misri na wa Denmark. Wamisri, ambao wengi walisema ni jini, waliogopa zaidi kwamba watakufa.

Na hofu hiyo huvuka mlango wa chumba. Mwaka 1995 Zanzibar ilishikwa na Popobawa, shetani aliyesemekana kuwalemea watu vitandani na kuwaingilia usiku. Alianzia Pemba, akafika Unguja, habari zake zikavuka hadi Dar es Salaam. Familia nzima zililala nje kando ya moto. Watafiti walioandika kuhusu kisa hicho wameyahusisha masimulizi mengi na jinamizi: mtu amelala, analemewa, hawezi kupiga kelele. Lakini Unguja mwaka huo umati ulimuua mtu mwenye maradhi ya akili ukidhani ndiye. Kumbuka hilo siku mtu wa ploti yenu atakaposema jirani wa namba saba humkalia usiku.

Ikikupata, usipigane nayo; kupigana huongeza hofu na hofu huongeza picha. Huisha kwa sekunde au dakika chache. Jalal anashauri ujiambie kwamba hali hii haiui, uache misuli ilegee, na uelekeze mawazo kwa kitu unachokipenda. Wengine hujaribu kuchezesha kidole cha mguu. Kesho yake lala kwa ubavu, na kengele ya saa kumi iondoe.

Ukiwa umewahi kuugua maradhi yanayokufanya usikie sauti au kuona visivyokuwepo, hizi mbinu za ndoto ziache kabisa. Na likikujia kila wiki, au unasinzia mchana hata ukiwa umesimama kwenye matatu, au magoti yanalegea ghafla ukicheka, nenda umwone daktari. Usianze na habari ya mapepo. Mwambie hivi: "Naamka siwezi kusonga, na naona watu chumbani." Ataanza kwa kukuuliza unalala saa ngapi.